Magauni saba ya marehemu mama: Safari ya vitambaa kutoka Migori hadi Homa Bay

Basi la usiku kutoka Nairobi huingia Migori mapema mno, kabla wenye hoteli hawajawasha majiko. Ukishuka tu, vijana wa bodaboda hukuzingira kama siafu, kila mmoja akidai wewe ni abiria wake, na usipokuwa macho mzigo wako utaelekea Nyatike huku wewe mwenyewe ukipelekwa Kuria. Wangu niliukumbatia. Wenzangu walikuwa na mikate, mitungi ya mafuta ya kupikia na televisheni zilizofungwa kwa blanketi. Mimi nilikuwa na sanduku la bati lenye magauni saba.

Magauni hayo yalikuwa ya marehemu mama. Alifundisha shule za msingi za upande huu kwa zaidi ya miaka 20, na alipotuacha jamaa waligawana nguo zake kama ilivyo desturi. Mama wadogo walichukua leso na makoti. Dada zangu walichukua zilizowatosha. Saba zilizobaki hazikumfaa yeyote kwa kimo wala kwa unene, nikaambiwa niwape maskini. Sikuweza. Sanduku likakaa chini ya kitanda changu Nairobi hadi siku moja ya mvua ambapo binti yangu wa miaka sita, ambaye hakubahatika kumwona nyanya yake, alilifungua na kuniuliza kama nyanya alikuwa mrefu au mfupi.

Hapo ndipo wazo la blanketi la viraka liliponijia. Kamusi huliita mfarishi: kitambaa juu, kitambaa chini, na kitu laini katikati, vyote vikashikwa pamoja kwa uzi. Niliona ni kazi ya jioni mbili tatu. Nikaazima cherehani cha jirani, nikanunua kitenge chekundu mtaani, nikakata nusu ya rinda la gauni jeupe ambalo mama alilivaa kanisani, nikaviunganisha vipande hivyo, nikavifua na kuvianika. Vilipokauka, kile cheupe kilikuwa kimegeuka rangi ya waridi kama ulimi wa ndama. Nilikaa nacho mkononi kwa muda mrefu. Gauni lile lilikuwa limestahimili miaka mingi ya vumbi la chaki na la barabara, na mimi nimeliharibu kwa asubuhi moja.

Nikakumbuka kwamba mama hakuwahi kununua gauni la dukani. Yote alishonewa na fundi mmoja tu, mama aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka hapa Migori, na ambaye baadaye alihamia Homa Bay. Mama alimfuata huko kwa matatu, kila alipotaka gauni, kana kwamba mafundi wengine wote wamekufa. Kwa hivyo nilipanga safari: nipitie Migori kutafuta vitambaa vya kujazia, kisha niende Homa Bay kumtafuta fundi, ikiwa bado yu hai.

Kununua kwa moto

Ikiwa unapenda vitambaa, Migori ni mji wa kutembelea hata kama huna jamaa hapo. Mji umelala kando ya barabara kuu iendayo Tanzania, na mpaka wa Isebania uko kilomita 20 hivi mbele. Kila kinachovuka mpaka hupitia hapa. Utakutana na Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali na Wahindi, wote wakibishana bei kwa Kiswahili ambacho nusu yake kimevuka kutoka Sirare. Kuna pesa za miwa, za tumbaku, na za dhahabu ya Macalder ambayo huja kwa ghafla na kuondoka kwa ghafla. Mchimbaji akibahatika, mkewe huonekana kwa fundi wiki hiyohiyo.

Nilianzia dukani, kwenye duka la zamani lenye kaunta ya mbao na rula ya yadi iliyopigiliwa misumari ukingoni, imeng'aa kwa kuguswa na mikono. Vitenge vilikuwa vimekunjwa hadi darini. Nikaelekeza kidole kwenye kimoja cha bluu. Mzee mwenye duka aliniangalia kwa huruma.

"Kijana, usinunue kwa macho," akasema. "Nunua kwa moto."

Alichomoa uzi mmoja kutoka ukingoni mwa kitambaa, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ulinywea, ukayeyuka, ukaacha kishanga kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Akachomoa mwingine kutoka kitambaa cha pili. Huo uliwaka kama karatasi, ukatoa harufu ya karatasi, na majivu yake yakapeperuka alipoyapuliza. Huo wa pili ndio pamba. Wa kwanza ni poliesta hata kama maandishi ya ukingoni yanaapa kwamba ni pamba tupu, na kitambaa kilichochanganywa hufanya yote mawili: huwaka na kuacha kishanga.

Utauliza, msomaji, kwani kuna dhara gani? Dhara lipo. Pamba hutaka pasi ya moto, na pasi hiyohiyo huyeyusha poliesta. Pamba hurudi inapofuliwa, poliesta hairudi. Ukizishona pamoja, baada ya kufua mara tatu blanketi lako litakunjamana kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Mzee alinionyesha pia jinsi ya kutambua kitenge cha wax halisi: kigeuze, na rangi ya nyuma iwe sawasawa na ya mbele. Kama nyuma imefifia, hicho kimechapwa upande mmoja tu. Si kwamba hakifai, lakini usikilipie bei ya kile kingine.

Kuhusu rangi kuchuja, alicheka niliposimulia kisa changu. Kila kitambaa kipya, alisema, kitie kwanza katika beseni la maji ya uvuguvugu pamoja na kitambara cheupe kisicho na kazi. Kitambara kikipata rangi, mwaga maji, tia mengine, rudia. Kikiendelea kuchuja baada ya mara ya nne au ya tano, kishonee pazia. Kisikae karibu na cheupe maishani mwake. Hii ni elimu ya dakika mbili ambayo ingeliokoa gauni la mama.

Mzee huyo alikuwa wa rika la kukumbuka pamba ikilimwa Nyanza Kusini. Vinu vya kuichambua vilikuwako Homa Bay na Kendu Bay, na nguo zilifumwa Kisumu katika kiwanda cha Kicomi. Kisha soko likafunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ikafurika, na Kicomi kikafungwa katika mwongo huohuo. Rivatex ya Eldoret nayo iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 1998, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Nilimuuliza mzee kama anaichukia mitumba. Akatazama shati lake mwenyewe, akanyamaza.

Na kwa kweli mtu anayeshona viraka hawezi kuidharau mitumba. Nenda sokoni ukatafute mashati ya wanaume ya pamba, yale makubwa kupita kiasi ambayo hakuna mtu Migori anayeweza kuyajaza. Wauzaji huyatupia chini ya meza kwa sababu hayanunuliki. Mgongo wa shati moja hukupa kipande kipana kisicho na mshono wala mfuko, na kwa kuwa limeshafuliwa mara nyingi huko lilikotoka, halirudi tena wala halichuji rangi. Nilipata matatu kwa bei ambayo sitaitaja, kwani muuzaji akisoma gazeti hili atalia.

Mwisho nilipita kwa mafundi. Chini ya kila cherehani kuna gunia la vipande, na vipande hivyo huishia kujaza mito, kuwasha jiko au kupangusa mafuta gereji. Vingi ni vya sare za shule: bluu, maruni, kijani kibichi, nusu yake ni tetroni. Hivyo niliviacha. Nilichagua vya vitenge na vya magauni ya pamba, nikavitia kwenye mfuko. Dada mmoja aliniuliza kama nataka kujaza mto. Nilipomweleza nataka kushona blanketi, alisimamisha cherehani.

"Blanketi la viraka? Kwani huko Nairobi mambo yamekuwa magumu hivyo?"

Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Aibu ya kiraka

Lakini swali lake lilinifuata. Katika lugha yetu kiraka ni umaskini. Mtoto mwenye kiraka kwenye kaptura huketi ukutani wakati wa mapumziko ili kisionekane. Nyumba nyingi za Luo ninazozijua, hata ile isiyo na sukari, kochi lake halikai uchi: limefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vyeupe, vimenyooshwa kwa wanga, na ole wake mgeni atakayevikunja. Vitambaa hivyo tunavionea fahari kwa sababu vilinunuliwa vikiwa vipya. Kiraka tunakificha kwa kuwa kimetokana na kilichochakaa.

Ilhali leso yenyewe, ambayo kila mama hapa hujifunga kiunoni, inasimuliwa kuwa ilizaliwa kwa kuunganisha vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na pwani walikuwa wakinunua vitambaa vidogo vya mkononi vilivyouzwa kwa jora, ambavyo Wareno waliviita kwa neno lililotupa sisi leso. Walikata sita kwa pamoja, wakavigawa vitatu vitatu, wakavishona safu juu ya safu hadi vikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndipo walipoanza kuchapa kitambaa kizima. Na kile kitambaa kizito cha pamba tunachokiita merikani kilipata jina lake kutokana na mabaharia wa Massachusetts waliokileta Unguja katika karne hiyohiyo.

Huko Karnataka, India, wako watu waitwao Siddi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao kutoka upande wetu huu wa Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za familia. Huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na katika kila pembe huweka vipande vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua. Mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa u uchi. Nako Gee's Bend, kijiji cha watu weusi huko Alabama, wanawake walishona mablanketi kwa ovaroli na suruali za shambani ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 Marekani ikayachapa kwenye stempu za posta. Ningempa dada yule wa Migori stempu hizo kama ningekuwa nazo.

Kuelekea ziwani

Matatu ya kwenda Homa Bay hurudi kwanza kaskazini kwa barabara kuu. Unapita Awendo, mji wa sukari wa Sony, ambako trekta za miwa huvuta matela yaliyojaa kupita kiasi na watoto hukimbia nyuma yake kunyofoa. Rongo ndiko unakokunja kushoto. Hapo nilinunua ndizi, nikaketi na sanduku langu mapajani kwani utingo alitaka kulifunga juu ya gari pamoja na kuku. Rodi Kopany, penye soko la mifugo, ng'ombe walikuwa wameteka barabara na dereva akalazimika kusubiri. Baada ya hapo barabara huanza kuteremka, na kabla hujajiandaa unaona Got Asego, kile kilima kilichochongoka kama kofia ya pia, na nyuma yake ziwa.

Kama una siku ya ziada, usiimalize mjini. Mbuga ya Ruma iko karibu, maskani pekee nchini ya mnyama aitwaye korongo. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wenyeji husimulia kwamba lilimeza kijiji kilichomfukuza ajuza. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya. Mimi sikuviona safari hii.

Homa Bay hunuka omena na udongo wenye joto. Maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi bado yana mabaraza mapana, na barazani ndiko mafundi wanakokaa. Niliuliza katika baraza la kwanza, la pili, la tatu. Katika la tatu kijana alinyoosha kidole kimyakimya.

Alikuwa mzee kuliko nilivyotarajia, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Cherehani chake ni kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichoandikwa Singer kwa dhahabu iliyofutika, na stima inapokatika yeye huwa hana habari. Nilimwamkua, nikataja jina la mama. Hakujibu. Alilitazama sanduku. Nikalifungua, naye akatoa gauni la kijani, akaligeuza nje ndani na kupitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni.

"Hili ni la mwaka wa El Nino," akasema. "Madaraja yalikuwa yamebebwa na maji, na mama yako akaja hivyohivyo. Wewe ulilala hapa, chini ya cherehani. Sasa keti, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Nikaketi.

Nilimweleza nilichotaka. Akanyamaza tena, akakunja gauni, akalirudisha sandukuni na kufunga kifuniko. Alisema hawezi kukata kazi yake mwenyewe. Nikamwonyesha lile jeupe lililogeuka waridi, nikamwambia kwamba nisiposaidiwa na anayejua, nitayaharibu yote moja baada ya jingine. Na nikamweleza swali la binti yangu.

Mama huyo alivua miwani mmoja. Alikuwa na dada yake, akaniambia, aliyefariki mwaka 1999. Msomaji wa makamo atakumbuka jinsi miaka hiyo ilivyokuwa katika nchi hii ya ziwa. Ilikuwa kabla ya mwaka 2001, ambapo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi bila malipo katika hospitali ya Homa Bay. Watu walikuwa na hofu ya kila kitu: kikombe, kitanda, nguo. Baada ya mazishi jamaa walikusanya magauni ya dada yake, yote yakiwa yameshonwa kwa cherehani hiki hiki, wakayateketeza nyuma ya nyumba. Watoto wanne walisimama wakitazama. "Hadi leo," akasema, "yule mdogo huniuliza mama yake alipenda rangi gani. Mimi namjibu, lakini hana la kushika."

Nilimsimulia jambo nililowahi kusoma, kwamba huko Marekani mwaka 1987 watu waliofiwa na wapendwa wao kwa ugonjwa huohuo walishona vitambaa vya futi tatu kwa sita, kila kimoja na jina la marehemu, wakavitandaza mjini Washington, vitambaa 1,920 kwa siku hiyo ya kwanza. Alitaka kujua walitumia uzi gani. Sikuwa na jibu. Akafungua sanduku, akachukua mkasi.

Nitakupa aliyonifundisha, ukitaka kujaribu nyumbani. Alikata kadibodi ya boksi la biskuti, nchi sita kwa sita, hiyo ikawa kipimo. Kila kipande huliwa na mshono robo nchi kila upande, kwa hivyo hubaki nchi tano na nusu. Blanketi la mtoto la vipande 8 kwa 10 hutaka vipande 80, na likikamilika huwa nchi 44 kwa 55. Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Ukikata mshazari, kipande hunyooka kama mpira na safu zako hazitakutana kamwe. Shona safu moja moja, kisha unganisha safu. Kila ukimaliza mshono, piga pasi na kuulaza upande wa kitambaa chenye rangi nzito ili usionekane kwenye chepesi. Mama huyu hutumia pasi ya makaa, na kwanza huijaribu kwenye aproni yake.

Uzi uwe wa pamba kwa kitambaa cha pamba. Sindano nambari 14 inatosha, lakini ukiweka jinzi tafuta 16, la sivyo itavunjika na kukurukia. Kitambaa cha chini kiwe merikani iliyofuliwa, na kizidi cha juu kwa nchi mbili kila upande. Kwa kujazia, wengi hufikiria pamba ya mito. Usitumie. Isiposhonwa kwa mistari ya karibukaribu, hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa na kukuachia vinundu. Yeye hutumia blanketi kuukuu jembamba, limeshafuliwa hadi likachoka kurudi. Tandaza tabaka zote tatu sakafuni, kisha piga bandi kwa mishono mirefu ukianzia katikati kuelekea nje. Ukianzia nje, utasukuma mikunjo yote katikati na haitatoka. Hatimaye pitisha cherehani juu ya mishono, au kama huna subira, funga fundo la uzi mzito katika kila pembe ya kipande.

Tulifanya kazi siku mbili. Wateja walikuja na zipu zao na sare zao, wakaambiwa warudi Jumatatu. Magauni yalitoa vipande 51, kwa sababu kwapa na kola huwa zimechakaa na hazifai kitu. Vilivyobaki 29 vilitoka kwenye mashati makubwa ya Migori na mfuko wangu wa vipande vya mafundi. Mama fundi alipanga sakafuni, akapangua, akapanga tena. Hakutaka magauni yakae pamoja katikati na vipande vigeni pembeni. "Mama yako hakuwa mtu wa kujitenga," alisema, akasukuma kipande cha kijani katikati ya bluu mbili za shati la mzungu asiyejulikana.

Vile vipande vya waridi nilikuwa nimevificha chini ya sanduku. Alivipata. Nilipomweleza habari za Wasiddi na maua yao ya pembeni, alisema kumbe vina kazi. Akavikunja pembetatu, kimoja juu ya kingine, akashona pembe ya kwanza kwa mkono. Akashona ya pili. Ya tatu alinipa mimi, akaitazama kazi yangu, akaifumua, akanipa tena.

Kwa malipo alikubali ya kazi tu. Juu yake aliomba kola ya gauni la kijani, iliyochakaa hadi uzi mweupe wa ndani ukaonekana, akaitia katika droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki zake.

Matatu ya mwisho ya kuunganisha na basi la Nairobi huondoka mapema, na pembe ya nne haikuwahi kushonwa. Ina pini. Binti yangu hulala nalo hivyohivyo, upande wa pini ukiwa miguuni, na tumekubaliana naye kwamba shule zikifungwa Desemba tutapanda basi sote wawili, ashonewe pembe hiyo huku akitazama.